Chetezo cha "jade" kutoka Guangzhou: mchongo nauvulia kofia, jiwe sasa…

Kila nikienda Guangzhou kufuata mzigo wa mapazia, hubakiza nusu siku ya kuzurura. Safari iliyopita niliimalizia mtaa wa Hualin wanakouza jade, mawe ya thamani ya Kichina, nikatoka na chetezo cha kijani cha yuan 850. Muuzaji alianzia 1,400. Duka silitaji.

Kwanza nikisifie. Urefu wake shubiri moja, miguu mitatu, na tumboni kimechongwa taotie, yule mnyama wa kale wa Kichina mwenye macho ya kukodoa na asiye na taya ya chini. Juu ya kifuniko kaketi simba. Lakini kilichonimaliza ni pete. Kila sikio la chetezo, yaani mshikio wa pembeni, lina pete inayoning'inia na kuchezacheza, na ukitafuta ilipoungwa huoni, kwani haikuungwa. Pete na sikio ni jiwe moja. Fundi alitoboa na kusaga kidogo kidogo mpaka vikaachana. Nimemulika kwa tochi ya simu mpaka macho yakauma.

Hiyo tochi ndiyo iliyonionyesha pia michirizi iliyonyooka sare ya mashine ya umeme ndani ya matundu. Niliambiwa eti ni cha enzi za mfalme Qianlong, aliyetawala 1735 hadi 1796. Kweli kazi za jade zilishamiri zama zake, hasa baada ya jeshi lake kuiteka Xinjiang mwaka 1759 na mawe ya Hotan, mji wa huko, yakawa yanamiminika Beijing. Ila hiki changu ni cha juzi tu. Sikukasirika, kwa yuan 850 ulitegemea nini?

Nyumbani Dar nikakipima kwa mizani ya kuning'iniza. Kikavu, gramu 1,310. Nikakifunga uzi, nikakizamisha chote kwenye ndoo mpaka mapovu yakaisha: 806. Tofauti 504. Gawanya 1,310 kwa 504 unapata 2.6, yaani uzito wa jiwe ni mara 2.6 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Sasa, jade yenyewe ni mawe mawili: nefriti, ambayo hucheza kwenye 2.9 hadi 3, na jadeiti, kama 3.3. Hiyo 2.6 ni ya serpentini, jiwe laini zaidi linalochimbwa kwa wingi Xiuyan, mkoa wa Liaoning. Nikakwaruza chini ya mguu kwa ncha ya kisu, ikabaki alama nyeupe. Nefriti isingekubali.

Nimetapeliwa? Hapo ndipo penye ujanja. Risiti imeandikwa "yu", na kwa Mchina yu ni neno pana, hilo jiwe la Xiuyan nalo limo. Kwa hiyo kesi sina. Ukitaka nefriti, dai cheti cha maabara kinachotaja jina la jiwe, siyo neno hilo peke yake.

Kasheshe kubwa ilikuja Ijumaa. Mama alitia kaa la moto moja kwa moja, akamwagia ubani, na dakika chache baadaye tukasikia "tak!" Ufa kama unywele, kutoka mdomoni hadi kwenye jicho la taotie. "Mwanangu," akaniambia, "chetezo gani kinachoogopa moto?" Nilikosa jibu. Kumbe wenyewe hujaza majivu kwanza, kisha huchomeka vijiti, au hufukia kijikaa kidogo katikati na kuweka udi juu, jiwe lisiguswe na moto. Nami sasa nafanya hivyo. Udi unatoka vizuri, moshi unapenya chini ya tumbo la simba kama anapumua. Ubani wetu lakini unataka moto mkali, kwa hiyo huo sahau.

Kwa mchongo nakipa nyota tano, kwa jiwe mbili, kwa kufukizia nguo moja. Mama amerudia chetezo chake cha udongo cha shilingi elfu tatu, na hiki changu kakihamishia sebuleni, upande wenye ufa ukitazama ukuta.