Nikon Monarch M7 8x42 katika msitu wa chiriku mwenye mdomo wa chungwa

Linurgus olivaceus ni chiriku wa misitu ya milima mirefu, kama ile ya Aberdare na Uluguru. Dume ni wa manjano, kichwa cheusi, mdomo rangi ya chungwa. Ungedhani rangi hizo haziwezi kupotea machoni, kumbe ndege mwenyewe ana sentimita 13 tu na hula mbegu kimyakimya kwenye vichaka vyenye kiza. Anayemtafuta anahitaji mwanga na upana wa kuona kuliko ukuzaji, ndiyo maana tunaichagua darubini ya macho mawili ya M7 8x42 (hukuza mara 8, lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42) na kuiacha ya 10x42, inayokuza mara 10.

Kwa umbali wa mita 1,000, darubini hii huonyesha eneo la upana wa mita 145. Ile ya 10x42 huishia 121. Mwale wa mwanga unaoingia jichoni una kipenyo cha milimita 5.3, dhidi ya 4.2. Alfajiri chini ya miti, tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kuona kama mdomo ni wa chungwa, au ni mweusi kama wa kwera wengi wenye kichwa cheusi. Jike, mwenye rangi ya kijani iliyofifia, ndiye mtihani wenyewe: mtazame mdomo na umbo kabla ya manyoya.

Irekebishe kabla ya kuingia msituni. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, lenga gome la mti kwa gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha ziba ya kushoto, zungusha pete ya kipande cha jicho la kulia mpaka picha ikae sawa, uifunge isisogee. Ukiruka hatua hii utaumwa kichwa na kuilaumu darubini bure.

Ndani mna naitrojeni, hivyo ukungu hauingii. Nje ni jambo jingine: mvuke wa pumzi na joto la uso hutanda kama ukungu kwenye lenzi za macho zilizopoa. Zungusha vikombe vya macho, ile mipira inayozunguka lenzi hizo, vitoke nje hatua moja, na upumue kuelekea chini. Usiifiche ndani ya koti lenye jasho. Unyevu wake huongeza tatizo.

Uzito wake, gramu 670, huichosha shingo kwenye mpando mrefu. Nunua mkanda wa mabegani.