Mitumba ya Karume kwa wanaopanda Kili

Jamani kama unajiandaa kupanda Kilimanjaro usikimbilie vitu vipya, mi nilienda soko la Karume hapa Dar asubuhi mapema wakati wanafungua mabelo nikapata jaketi zito, buti na soksi za sufu, na yule kaka muuzaji mkweli kweli, jaketi la kwanza alinionyesha mwenyewe zipu imekufa akasema dada hili liache, kule mita 5,895 utaganda. Nimemshukuru sana. Buti chukua zenye nafasi kidogo mbele maana wakati wa kushuka vidole vinagonga, halafu zivae wiki kadhaa mtaani zilainike kwanza. Glovu nzito sikupata kabisa, nitakodi Moshi. Jinzi acha nyumbani, ikilowa haikauki.