Kahawa barazani au simu mkononi?

Fundi wa milango hapa Lamu akichoka kuchonga ana njia mbili: ashuke barazani anywe kahawa chungu, au abaki palepale atoe simu. Kahawa ina mwisho. Kikombe kikiisha, au mwadhini akiadhini, watu huinuka. Mgongo umenyooka, macho yametulia, patasi inarudi kwenye mstari bila kusitasita. Simu haina kikombe cha kuisha. Video moja huvuta nyingine, na macho yaleyale yaliyochoshwa na maua ya mbao yanakodolea kioo. Mimi ni wa kahawa, ingawa siasa zikinoga nusu saa hupotea. Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyebuni mbinu ya kugawa muda wa kazi, alipanga dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Nimejaribu, barazani dakika 5 hazitoshi hata kuamkiana.