Zanzibar ya karne ya 19 katika vitabu vitatu: maoni yangu

Masika haya nimeyamaliza na vitabu vitatu kuhusu Zanzibar ya karne ya 19, kila kimoja na njia yake: utafiti wa mwanahistoria, kumbukumbu za binti wa Sultani, na riwaya nene ya mapenzi. Vyote nimevisoma kwa Kiingereza. Haya ni maoni yangu kwa anayefikiria kuvitafuta.

Nilianza na Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha Abdul Sheriff, kilichotoka 1987. Ni kigumu, kimejaa majedwali ya bei na hesabu za forodha, lakini vumilia. Sheriff anaonyesha jinsi pembe za ndovu zilivyozidi kupanda bei huku vitambaa vya viwandani, merikani ya kutoka Salem, Marekani, ikiwemo, vikiuzwa rahisi, na tofauti hiyo ikawatajirisha wafanyabiashara wa Unguja. Nilipofika kwenye karafuu nilielewa kwa nini mashamba yalikuwa yakimeza watumwa kwa wingi ule. Sijasoma kitabu kinachoeleza utajiri wa kisiwa kile kwa uwazi zaidi ya hiki.

Ila kilichonishika hasa ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ndio uliomponza: kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, mwaka 1859, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao.

Baadaye akapendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg ambaye nyumba yake ilipakana na ya kwake. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza. Mwaka uliofuata akabatizwa mjini Aden, akaitwa Emily, na wakaoana. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, Salme akabaki ugenini Ujerumani na watoto watatu wadogo. Mapenzi yaliyomgharimu nchi, dini na ndugu kayapa kurasa chache mno! Anaeleza kwa kirefu zaidi vyakula, sikukuu na mavazi ya Mtoni, nami nilizidi kumwamini kwa sababu hiyo. Niliyoyakataa ni maneno yake kuhusu utumwa. Anautetea waziwazi, kwa sauti ya mtu aliyelelewa akihudumiwa, na ndipo niliposhukuru kwamba Sheriff nilimsoma kwanza.

Riwaya ni Trade Wind ya M. M. Kaye, ya mwaka 1963. Hero Hollis, binti wa Boston, anafika Unguja mwaka 1859 akitaka kupambana na biashara ya watumwa, anakutana na Rory Frost, nahodha Mwingereza anayeifanya biashara hiyohiyo. Kaye anaijua bahari na anajua kusuka fitina. Uasi wa Barghash kaueleza vizuri, na Salme mwenyewe yumo. Robo tatu ya kitabu niliisoma kwa hamu kubwa. Kisha Rory anambaka Hero kwa kulipiza kisasi, na mwandishi anataka tuamini kwamba mapenzi yalizaliwa humo. Sikubali. Mwandishi hawezi kumdhalilisha mwanamke hivyo halafu akaniomba nimshangilie aliyemdhalilisha. Tena watumwa, ambao ndio kisa cha safari ya Hero, wanabaki nyuma ya pazia, karibu hawasemi neno.

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nunua cha Sheriff, maana tafsiri ya Kiingereza ya Salme ya mwaka 1888 inapatikana bure mtandaoni. Cha Kaye azima kwa mwenzio.