Nyumba ya mawe Cotswolds, Uingereza: paa zuri, kuta wamezinyonga

Nilikuwa nimeipa nyota nne kwa ajili ya paa peke yake, kisha nikaukumbuka ukuta wa chumba cha kulala, nikafuta.

Ni nyumba ya zamani ya kupangisha wageni, kijijini kabisa. Paa lake hulichoki kulitazama. Ni mabamba ya mawe matupu: makubwa yamelazwa chini ukingoni, yakipungua safu kwa safu hadi madogo kabisa juu. Kila dirisha lina mdomo wa jiwe uliotokeza juu yake, mvua isichuruzike kwenye kioo. Mafundi wale walijua kazi.

Halafu akaja mtu na saruji!

Kuta za aina hii hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiziba kwa saruji, maji yatatokea wapi? Yanapita kwenye jiwe lenyewe, baridi inayagandisha, jiwe linamomonyoka. Pale mlangoni saruji imebaki imetuna na mawe yameliwa kwa ndani. Ukigusa, unga unadondoka. Ndani wamepaka rangi ya plastiki. Nyuma ya kabati imefanya malengelenge, nikatoboa moja kwa ukucha, maji yakanichuruzika kidoleni. Nguo za mwanangu zote zilinuka uvundo.

Nikamwambia mwenye nyumba kwa adabu zote. Jibu lake: "Nyinyi mnapika sana na hamfungui madirisha."

Nyinyi! Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na nimeona saruji ikiziua kuta za kwetu vilevile. Ukuta uliozibwa pumzi naujua kwa harufu. Na kwenye tangazo anajisifu kwamba nyumba iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Uingereza, kuharibu sura ya jengo la orodha hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Sasa nani wa kulaumiwa, sufuria yangu?

Ukitaka kuyaona mawe haya yalivyo mazuri, nenda kijiji cha Bibury, kwenye safu ya nyumba iitwayo Arlington Row. Jengo hilo lilikuwa ghala la sufu la mwaka 1380 hivi, karne ya 17 likageuzwa nyumba za wafumaji. Kusimama nje kutazama ni bure.

Hii naipa mbili. Hapana, moja: amenikata pesa kwa "kuchafua ukuta", na nimemwandikia mara kadhaa anirudishie, hajibu.