Squid kama seva ya kache nyuma ya proksi ya kampuni: tathmini ya mtumiaji

Kompyuta 40 za Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, zinapojisasisha asubuhi moja, kifurushi kilekile cha programu hupakuliwa mara 40 kupitia laini moja ya intaneti, na watu wengine wote ofisini hubaki wakisubiri kurasa zifunguke. Tulihitaji seva moja ya ndani ambayo ingepakua kila kifurushi mara moja tu, ikakihifadhi na kuzigawia kompyuta nyingine. Ugumu ulikuwa kwamba katika mtandao wetu hakuna mashine inayoruhusiwa kutoka nje moja kwa moja: kila ombi lazima lipitie proksi ya kampuni, yaani seva inayotoa maombi nje kwa niaba ya wengine, na faiawoli hutupa kimyakimya chochote kinachojaribu njia nyingine. Kwa kazi hiyo nilichagua Squid, programu huru iliyoanza kutolewa mwaka 1996, na baada ya miezi kadhaa ya kuitumia naona inastahili kuelezwa kwa kina, kwa uzuri wake na kwa mitego yake.

Kuisakinisha hakuna shida yoyote. Inasikiliza kwenye poti 3128, na mipangilio yake mikuu hukaa katika faili la squid.conf. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Squid haijali kigezo cha http_proxy ambacho programu nyingi husoma kutoka kwenye mazingira ya mfumo; proksi ya juu lazima itajwe ndani ya faili hilo kwa mstari wa cache_peer, ikiitwa mzazi, yaani parent. Niliandika mstari huo, nikaweka sifuri mahali pa poti ya ICP, itifaki ambayo seva za kache huulizana nani ana faili gani, kwa kuwa proksi yetu haizungumzi itifaki hiyo, nikaongeza maneno no-query na default, kisha nikaiwasha upya seva. Vifurushi vya HTTP vikaanza kushuka papo hapo.

Anwani za HTTPS, hata hivyo, ziligoma kabisa. Hazikuleta ujumbe wowote wa kukataliwa. Zilining'inia tu hadi muda ukaisha. Nilipoteza nusu siku nikiilaumu faiawoli, kumbe jibu lilikuwa tangu mwanzo ndani ya access.log, faili ambamo Squid huandika kila ombi. Mistari ya maombi yaliyofaulu iliishia na FIRSTUP_PARENT, maana yake ombi lilipitia kwa mzazi, lakini mistari ya CONNECT, ombi linalofungua njia ya HTTPS, iliishia na HIER_DIRECT, maana yake Squid ilikuwa ikijaribu kutoka yenyewe. Kumtaja mzazi hakumlazimishi mtoto kumtumia. Kwa mipangilio yake ya kawaida, chaguo la nonhierarchical_direct likiwa limewashwa, Squid huona kwamba ombi lisiloweza kuhifadhiwa kwenye kache halina haja ya kupitia kwa mzazi, kwa hiyo hulipeleka moja kwa moja. Katika mtandao ulio wazi huo ni uamuzi wa busara unaopunguza safari. Nyuma ya proksi ya lazima, ni kuligonga ukuta. Dawa yake ni mstari mmoja, never_direct allow all, na nilipouweka kila kitu kikapita. Ningependa sana mwongozo uuweke mstari huu karibu na maelezo ya cache_peer, kwa sababu aliye katika hali yetu hawezi kufanya kazi bila hiyo miwili pamoja.

Suala la utambulisho linahitaji mazungumzo na watu kuliko ufundi. Proksi ya juu ikidai jina na nywila, hujibu kwa msimbo 407, na Squid inaweza kupeleka taarifa hizo kwa chaguo la login katika mstari uleule wa cache_peer. Inafanya kazi, lakini nywila hubaki imeandikwa waziwazi ndani ya faili, na siku sera ya kampuni itakapoilazimisha ibadilishwe, ofisi nzima itakosa masasisho kwa pamoja. Tulikubaliana na kitengo cha mtandao kwamba proksi iitambue seva ya kache kwa anwani yake ya IP, bila nywila, na iiruhusu kufika kwenye hazina za Debian pekee. Kwa upande wangu niliweka kanuni ya dstdomain, inayochuja maombi kwa jina la tovuti, yenye mipaka hiyohiyo. Kanuni za aina hii zina faida nyingine: hutazama jina tu, ilhali zile za dst huilazimu Squid itafute kwanza anwani ya IP ya tovuti, jambo linaloshindikana pale ambapo DNS ya ndani, yaani huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, haiyajui majina ya nje.

Asitarajie mtu kwamba seva hii itahifadhi kila kinachopita. Ombi la HTTPS huja kama handaki la CONNECT, na Squid hubeba tu data iliyosimbwa bila kujua kilichomo. Zipo njia za kulifungua handaki hilo kwa ssl_bump, lakini zinadai cheti kipya cha mamlaka kisakinishwe katika kila kompyuta, na zinampa msimamizi uwezo wa kusoma mawasiliano ya wenzake. Nilikataa njia hiyo, na ningeikataa tena. Vifurushi vya Debian havihitaji hatua hiyo: faili la Release, linaloorodhesha yaliyomo kwenye hazina, hutiwa sahihi ya kidijitali na lina alama za uhakiki zinazofika hadi kwenye kila kifurushi, hivyo APT, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, hugundua kilichochezewa hata kama kimepitia HTTP ya kawaida.

Kuhusu nafasi, viwango vya kawaida ni vidogo mno kwa kazi hii. Bila mstari wa cache_dir, Squid huhifadhi kwenye RAM pekee, kwa hiyo kila kitu hupotea ikizimwa. Na ukomo wa ukubwa wa faili moja ni MB 4, ukomo ambao kifurushi cha kernel, yaani kiini cha mfumo, huuvuka kwa mbali. Pandisha maximum_object_size, na mimi huuweka mstari huo kabla ya cache_dir. Kumbuka pia kwamba faharasa ya kache hukaa kwenye RAM, takriban MB 14 kwa kila GB ya diski katika mfumo wa biti 64, kwa hiyo diski kubwa katika mashine yenye RAM finyu ni mzigo.

Kosa langu kubwa lilikuwa katika refresh_pattern, kanuni zinazoamua faili lishikiliwe kwenye kache kwa muda gani. Faili la .deb, yaani kifurushi chenyewe, halibadiliki chini ya jina lilelile, kwa hiyo ni salama kulishikilia kwa dakika 129600, yaani siku 90. Kwa pupa niliandika kanuni pana iliyogusa hazina nzima, nikaongeza ignore-reload na override-expire, zinazopuuza ombi la mteja la nakala mpya na muda wa kuisha uliowekwa na seva, nikaiweka juu ya kanuni nyingine zote. Squid hufuata kanuni ya kwanza inayolingana, kwa hiyo mistari mizuri iliyokuwa chini yake kwa ajili ya InRelease na Packages, mafaili ya orodha za hazina, haikufikiwa kamwe. Kwa siku kadhaa kompyuta zote ziliripoti kwamba hakuna sasisho jipya, na hakuna aliyeshtuka, hadi APT ilipoanza kulalamika kwamba faili la Release la hazina ya usalama limepita muda wake. Siku zote hizo mashine zetu zilikuwa bila viraka vya usalama, na jambo hilo liliniuma. Sasa kanuni ya muda mrefu inalenga \.deb$ peke yake, na haina chaguo lolote la kupuuza matakwa ya mteja wala ya seva.

Naipendekeza Squid bila kusita kwa ofisi yenye mashine nyingi za Linux na proksi ya lazima. Kwa ofisi ambayo karibu trafiki yake yote ni HTTPS, faida itakuwa ndogo mno kulinganisha na kazi ya kuitunza. Kwetu, kernel mpya inapotoka, ombi la mashine ya kwanza huandikwa TCP_MISS (halikuwamo kwenye kache) na FIRSTUP_PARENT, na ya zinazofuata huandikwa TCP_HIT (limo) na HIER_NONE, moja baada ya nyingine, bila proksi ya kampuni kuguswa tena.