TAHADHARI: Niliuziwa prosesa ya 2011 kwa jina la i5-10400 hapa Kisumu

Ndugu zangu mnaounganisha kompyuta kwa pesa za kujinyima, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Nimepoteza 9,500, na mbinu iliyotumika inaweza kumnasa hata mtu anayejijua kuwa mwangalifu.

Mdogo wangu anaanza chuo Maseno. Nilitaka apate mashine itakayokubali Windows 11, maana Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Microsoft inataka prosesa (chipu iliyo ubongo wa kompyuta) za kizazi cha 8 kwenda mbele. Nikaona tangazo: mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), prosesa ya Core i5-10400, yaani ya kizazi cha 10, na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, vyote kwa bei hiyo. Muuzaji alisema kuna ofisi imebadilisha mashine zake. Nikapanda boda kutoka Manyatta hadi dukani kwake katikati ya mji.

Aliiwasha mbele yangu kwa diski yake. Akafungua ukurasa wa maelezo ya kompyuta, na jina lilikuwa wazi: i5-10400. Nikaomba aizime na kuiwasha tena. Jina likabaki vilevile. Nikalipa kwa M-Pesa, akachomoa diski yake, nikaondoka na furaha yangu.

Kesho yake nilinunua RAM ya GB 8 ya aina ya DDR4, kwa kuwa 10400 hutumia hiyo. Ikakataa kuingia. Nikaigeuza, ikakataa. Nikachomoa ile ya mwanzo na kusoma kibandiko chake: DDR3, aina ya zamani. Mikono ilianza kunitetemeka. Nikawasha, nikabonyeza Delete kuingia BIOS (programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows), na ukweli ukawa pale: i5-2400. Kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Ile niliyolipia ilitoka 2020.

Nimeuliza fundi mmoja ninayemwamini, akanieleza. Jina linaloonekana kwenye Windows limehifadhiwa kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na mtu anaweza kuliandika upya. Kompyuta ikiwashwa tena jina halisi hurudi, kwa hiyo tapeli huweka kijiprogramu kinachobandika la uongo kila inapowaka. Ndiyo maana kuwasha upya hakukunisaidia.

Nilirudi dukani. Kwanza akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha akadai mimi ndiye niliyebadilisha prosesa nyumbani. Jambo hilo haliwezekani! i5-10400 hukaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA 1200, na mazabodi aliyoniuzia ni ya LGA 1155. Haiwezi kuingia pale hata ukiilazimisha. Nilimwambia hivyo mbele ya wateja wawili. Akanyamaza, lakini pesa hakurudisha. Duka silitaji hapa kwa kuwa nimeshapeleka malalamiko polisi.

Sichukii prosesa ya zamani. i5-2400 bado inaandika barua na kufungua intaneti, na ukiuziwa kwa jina lake na bei yake, hujaibiwa. Kinachoniuma ni pesa ya mtoto wa shule kuchukuliwa kwa jina la uongo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aingie BIOS mbele yako, kwa Delete au F2 kutegemea mazabodi. Kijiprogramu cha ndani ya Windows hakifiki huko. Akikuzungusha, ondoka. Pia hesabu kore (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) na nyuzi (kazi inazoweza kuendesha kwa wakati mmoja): i5-10400 ina kore 6 na nyuzi 12, 2400 ina 4 na 4. Beba programu ya CPU-Z kwenye flashi yako mwenyewe, ni ya bure na husoma taarifa kutoka kwenye prosesa yenyewe. Maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa msiyategemee peke yake, kwa sababu wapo wanaoyasugua na kuchonga mengine. Na mkiona herufi F mwishoni, kama 10400F, jueni haina grafiki ndani yake. Bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi, na hapo muuzaji hajakudanganya.

Kama nawe umeuziwa hivi hapa Kisumu, niandikie faraghani ukiwa na ujumbe wako wa M-Pesa na picha ya BIOS. Nataka twende kituoni pamoja, malalamiko yawekwe kwenye faili moja.